Kujifunza Kona kwa Mtu Nisiyemwamini

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Shule yangu iliishia darasa la nne, mkono wangu ni mzito, na mbele za watu sauti yangu haitoki. Lakini baba mkubwa, ambaye ndiye mzaliwa wa kwanza wa Nyaishozi kupanda pikipiki, ameona vijana wanaonunua pikipiki siku hizi kwa kahawa zao wanavyoanguka ovyo. Akaniambia, "Wewe una kalamu, mimi nina maneno. Kaa." Nimekaa. Yote yanayofuata ameyasema yeye, mimi ni mkono tu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, umande haujakauka kwenye migomba, mtu mmoja alinisimamisha juu ya mteremko wa Nyaishozi. Akanionyesha kona iliyokuwa chini yetu, inayokata kwenda kulia. Akanionyesha na korongo lililo kushoto mwa kona hiyo, refu, lenye mawe chini. Kisha akaniambia, "Ukifika pale, usilitazame korongo."

Nilimwangalia. Moyoni nikasema, huyu ana lake jambo. Tangu nijue kutembea nimefundishwa kutazama shimo ili nisitumbukie. Mama alinifundisha hivyo. Hata mbuzi, ambaye hakufundishwa na mtu, akifika ukingoni hutazama chini. Sasa mtu mzima ananiambia nipite kando ya korongo bila kulitazama.

Jina lake lilikuwa Kaijage, nasi tulimwita Ta Kaijage, kama tunavyowaheshimu watu wa rika la baba zetu. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mluteri, aliyeletwa huku na kituo cha dawa. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa ya buba, ule ugonjwa wa vidonda, na barua za mganga wa kituo kutoka Nyaishozi hadi Nyabiyonza na Igurwa, juu ya pikipiki. Wakati ule kwetu pikipiki ilikuwa hiyo moja tu. Watoto waliisikia ikiwa bado ng'ambo ya bonde, wakaacha mbuzi na kukimbilia barabarani. Lakini goti la kulia la Ta Kaijage lilikuwa limeanza kukataa, na pikipiki ile haikuwaka mpaka ipigwe teke mara nyingi. Mganga akaamua atafutwe kijana wa hapa hapa afundishwe, na Ta Kaijage arudi Bukoba akatunze stoo ya dawa. Kijana aliyetafutwa nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa najua baiskeli na nilikuwa najua njia.

Hapo ndipo shaka lilipoanzia. Ta Kaijage hakutaka kurudi Bukoba, na hakuna aliyekuwa hajui. Alikuwa na migomba yake hapa, mke wake alikuwa na shamba la maharage, na watoto wao walikwisha kusema Kinyambo kuliko sisi. Watu waliuliza, nani atamfundisha vizuri mtu anayekuja kumng'oa? Tena kabla yangu alikuwapo kijana mwingine, jina lake Kamugisha, aliyefundishwa na huyo huyo kwenye kona hiyo hiyo. Kamugisha aliingia korongoni. Hakufa, lakini mkono wake wa kushoto ulipona umepinda kama tawi la kahawa lililoelemewa. Na Ta Kaijage akaendelea na kazi yake na migomba yake.

Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, Ma Kokugonza, dada wa baba. Yeye alikuwa mtu wa kushuku hata mvua. Jioni ile nilipomweleza habari ya korongo, aliacha kumenya ndizi.

"Huyo mtu amekwisha kukupa kitu cha kula?"

"Bado, shangazi."

"Bado. Maana yake atakupa. Siku akikupa, mdomo wako uwe na akili."

"Ni mtu wa kanisa, shangazi."

"Kanisa lipi? Si letu." Akarudi kwenye ndizi zake. "Na hata wa letu nawajua. Nenda kajifunze, lakini macho yako yabaki kwako."

Nami nikaenda na macho yangu. Kila alilosema Ta Kaijage nililigeuza chini juu kama mtu anunuaye kuku sokoni.

Siku za mwanzo hakuniruhusu hata kuiwasha. Aliniambia niisukume kwa mkono, kuteremka kona ile na kuipanda tena, huku yeye amekaa juu ya jiwe akilisugua goti lake.

"Vua viatu," akasema.

"Sina viatu, Ta."

"Vizuri. Basi miguu yako isome. Wapi kuna kokoto?"

"Ukingoni."

"Wapi pagumu?"

"Palipopita magurudumu ya lori."

"Na pale penye giza?"

Nikapagusa kwa kidole cha mguu. Palikuwa na maji yanayotoka kilimani, membamba, na udongo wake ulikuwa laini kama samli. Mtu aliye juu ya pikipiki asingepaona.

"Hapo," akasema, "pashuku."

Nikapashuku. Lakini nilimshuku zaidi yeye. Nilijiambia, ananisukumisha chuma hiki ili nichoke, nimwambie mganga kwamba kazi imenishinda.

Aliponiruhusu kuiwasha, mafundisho yake yakawa ya ajabu zaidi. La kwanza nimekwisha kukwambia, usilitazame korongo. La pili, kaa kushoto. Mwanangu, elewa vizuri jambo hili. Kona inakata kulia, mlima uko kulia, korongo liko kushoto, na mtu ananiambia nikae upande wa korongo. Moyo wangu ulitaka kuukumbatia mlima. La tatu ndilo lililonimaliza. Akasema, "Breki yako ishike huku juu, njia ikiwa imenyooka. Punguza mwendo mpaka uone haya. Ukishaanza kukata kona, breki iache."

"Niiache, Ta?"

"Iache. Laza pikipiki kidogo, nawe ulale nayo. Tia mafuta taratibu, kama mtu anayemimina maziwa asiyamwage. Itakutoa yenyewe."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe nilikuwa napanga yale matatu pamoja. Usitazame shimo, kaa upande wa shimo, usishike breki. Nikajiuliza, mtu aliyetaka kunitupa korongoni angenifundisha nini kingine?

Basi nikawa mwanafunzi wa uongo. Mbele yake nilipita kona kwa mwendo wa kinyonga, miguu yote miwili ikiburuta chini, nikiegemea mlimani, mkono umeng'ang'ania breki. Pikipiki ilikuwa ikitetemeka na kunizimikia katikati ya njia. Yeye hakufoka. Alisema tu, "Rudi juu." Nikawa narudi. Nikafanya vile vile. Na kule kutofoka kwake nako nikakushuku.

Nikaona niende kwa Kamugisha. Aliyeumwa na nyoka ndiye wa kuulizwa habari za nyoka. Nilimkuta shambani anapalilia maharage kwa mkono mmoja, na ule uliopinda akiutumia kushikia majani.

"Umekuja kuutazama mkono," akasema kabla sijamsalimu. "Utazame. Hutozwi kitu."

"Nimekuja kukuuliza, kaka. Siku ile ilikuwaje?"

"Ilikuwa asubuhi."

"Sitanii."

"Nami sitanii. Nilikuwa nateremka. Nililiona korongo. Baada ya hapo nilikuwa ndani yake."

"Yeye alikwambia nini kabla?"

Kamugisha alisimama, akaegemea jembe. "Aliniambia nisilitazame, nisishike breki. Wewe amekwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alicheka bila furaha. "Basi tutalima wote," akasema, akainama tena kwenye maharage yake.

Sikumuuliza kama alitazama. Sikumuuliza kama alishika breki. Mwanangu, mtu mwenye shaka haulizi swali linaloweza kumwondolea shaka. Hulizunguka, kama tunavyozunguka nyumba yenye mbwa.

Jumamosi iliyofuata Ta Kaijage alinikaribisha kwake. Unajua desturi yetu, lakini huenda wanaosoma mbali hawaijui, kwa hiyo niseme. Mgeni akiingia nyumbani kwetu huletewa kahawa ya kutafuna, zile punje nzima zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Mwenye nyumba hachagui punje za kumpa mgeni. Yeye huchukua kwanza, hutafuna mgeni akimwona, kisha husogeza kikapu. Maana yake ni kwamba, kama humu mna ubaya umeanza na mimi. Wazee waliweka desturi hiyo kwa sababu walijua watu wanashukiana, wakatafuta njia ya kushukiana kwa adabu.

Ta Kaijage akafanya hivyo. Akachukua punje, akatafuna polepole, akasogeza kikapu. Mkewe, Ma Kaijage, alikuwa amekaa kwenye majani yaliyotandikwa chini, ananitazama kwa macho ya kucheka.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Au Wakatoliki siku ya leo wanafunga?"

Nikachukua. Nikatia mdomoni. Lakini sikutafuna. Niliisukuma punje ikakaa shavuni, nikawa napeleka taya huku na huku kama ng'ombe. Tulizungumza habari za mvua na bei ya chumvi, nikaaga mapema. Nilipofika nyuma ya migomba yao, nikaitema. Nikajiona nina akili nyingi.

Asubuhi ya Jumatatu nilimkuta Ta Kaijage juu ya mteremko kama kawaida, pikipiki imesimama kwenye stendi yake. Nikamwamkia. Aliitika, kisha akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na punje moja ya kahawa.

"Mke wangu hufagia njia kila asubuhi," akasema. "Jana alifagia kabla ya kwenda kanisani. Hii haina alama ya jino."

Mwanangu, sijapata kuona haya kama siku ile. Kwetu kuitema kahawa ya mtu ni kumwita mwenye sumu, na wapo walioacha kuzikana kwa neno dogo kuliko hilo. Nikajua kazi imekwisha. Nikajua atamwambia mganga kwamba mimi sifai, nami sitakuwa na la kujibu. Na hapo hapo nikaogopa jambo jingine, kwamba sasa ana sababu ya kweli ya kunidhuru.

Aliirusha ile punje majanini. "Nani alikwambia nina sumu? Shangazi yako?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Yeye angalau hunishuku hadharani. Akinikuta njiani huvuka upande wa pili. Wewe unakuja kwangu, unakaa kwenye majani yangu, unasema asante." Akaionyesha kona kwa kidevu. "Na kona yangu nayo unaitema. Nakuona. Nakwambia kaa kushoto, unaenda kulia. Nakwambia acha breki, unaing'ang'ania. Unapeleka taya tu."

"Kamugisha aliumia, Ta," nikasema.

"Aliumia."

"Ulimwambia hivi hivi."

"Nilimwambia hivi hivi, naye alikuwa kama wewe, ananiamini nusu. Siku ile alikaa kushoto kama nilivyosema, akaliona korongo, akalitazama. Akaogopa, akashika breki ya mbele kwa nguvu zote pikipiki ikiwa imelala. Tairi likateleza. Angelitupa neno langu lote akapita kwa miguu, angekuwa mzima. Angelishika lote, angekuwa mzima. Nusu ndiyo iliyompeleka."

Kisha akafanya jambo nisilolitazamia. Alinipa usukani. Akazunguka nyuma, akalibeba goti lake bovu kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto, akalipitisha, akakaa kwenye keria pale tulipokuwa tunafunga sanduku la dawa.

"Washa," akasema.

"Ta, sijaweza bado. Nikianguka?"

"Ukianguka tutaanguka wote, na mimi ni mzee, mifupa yangu haiungi kama ya Kamugisha. Hiki ni kikapu, mwanangu. Nimekwisha kutia mkono. Washa."

Niliwasha. Sina jinsi ya kukueleza uzito wa mtu mzima nyuma yako unapokuwa humwamini. Nilisikia pumzi yake shingoni. Nilingoja mikono yake inishike, inisukume, sijui nilikuwa naingojea ifanye nini. Alikuwa ameiweka juu ya mapaja yake mwenyewe.

Tukateremka. "Breki sasa," akasema, njia ikiwa bado imenyooka. Nikashika. "Zaidi. Bado una haraka." Nikashika zaidi. "Kushoto." Nikaenda kushoto, mpaka kwenye alama ya gurudumu la lori, pale pagumu ambapo miguu yangu ilipajua. "Iache breki."

Nikaiacha, na hapo nikaliona korongo.

Nalisema kama lilivyokuwa. Macho yangu yalikwenda kule yenyewe, na mara macho yalipokwenda, pikipiki nayo ikaanza kwenda. Sikuigeuza mimi. Iliyafuata macho kama ndama afuatavyo mama yake. Kokoto za ukingoni zikaanza kulia chini ya tairi. Mwili wote ukakauka, na vidole vikakumbuka breki.

Yule mtu aliye nyuma yangu, mwenye mke na migomba na goti moja zima, hakupiga kelele na hakunishika. Alisema karibu na sikio langu, kama mtu anayekuonyesha ndege, "Unauona mgomba ule uliovunjika, kule kona inakoishia? Utazame."

Nikautazama. Sikutaka, lakini nikautazama. Na pikipiki, mwanangu, ikaacha korongo ikaufuata mgomba. Ikalala kidogo, nikasikia naye amelala nayo, uzito wake na wangu ukawa mmoja. Nikatia mafuta kidogo kidogo. Tulitoka upande wa pili njia imenyooka mbele yetu, na mimi jasho linanitiririka machoni.

Alinigusa bega nisimame. Akashuka, akaenda kukaa kando ya njia, akawa analisugua goti. Nami nikakaa, mbali kidogo, nikiona haya.

"Sasa nikwambie jambo," akasema. "Watu wanasema sitaki kwenda Bukoba. Ni kweli. Sitaki. Kule ndugu zangu wamekwisha kugawana shamba la baba, nitakuwa mgeni nyumbani kwetu. Katika hilo uliponishuku hukukosea."

Nilishangaa kusikia mtu anakiri hivyo.

"Lakini fikiri hata kidogo. Kama nilitaka kubaki, nilihitaji kukuvunja mkono? Mganga ananiuliza kila wiki, kijana ameiva? Neno moja, bado, na ninabaki. Mwezi ujao, bado. Bado haimwagi damu ya mtu. Ulishindwa kuona njia fupi ya ubaya ukabuni ndefu."

"Nisamehe, Ta."

"Sikulaumu kwa kushuku. Mpanda pikipiki asiyeshuku hazeeki. Nakulaumu kwa kutupa shaka lako mahali pasipo na faida. Unanishuku mimi mchana kutwa, ukifika kwenye kona unaiamini. Unaingia kama kwamba umetumwa kule mbele ukaona hakuna mtu. Kona usiyouona mwisho wake, ishuku. Sema, huko nyuma yuko ng'ombe amelala. Sema, yuko mwanamke na mkungu kichwani. Sema, liko lori, na dereva wake ana haraka. Ndiyo maana nakwambia kaa kushoto. Si kwamba nakupeleka korongoni. Ukikaa kushoto unaona mbali, na lori likija limekata kona upande wa mlima, halikukuti pale."

Hakusema mengi zaidi. Tulirudi juu, tukapita tena, na tena, mpaka jua likawa kali. Mara ya mwisho alibaki juu ya jiwe lake, nikapita peke yangu.

Wiki ile mganga alipomwuliza kijana ameiva, alijibu, "Ameiva." Nilikuwapo. Alilisema kwa taabu, kama mtu anayemeza punje kavu, kisha akatoka nje akaenda kuitazama migomba yake. Hawakukaa sana. Walifunga mizigo yao, Ma Kaijage akawaachia jirani maharage yakiwa bado mabichi, wakapakiwa kwenye lori la Bukoba. Shangazi yangu, aliyekuwa akivuka njia ili asimsalimu, alipeleka mkungu wa ndizi za safari. Aliuweka mlangoni, akabisha hodi, akaondoka kabla hawajafungua. Nilipomwuliza alisema, "Migomba imezaa sana mwaka huu."

Nami nikaanza kwenda Nyabiyonza peke yangu.

Siku moja, kazi ikiwa bado mpya mikononi mwangu, nilikuwa nateremka kona ile ile na sanduku la dawa nyuma. Ilikuwa asubuhi njema, ndege wanalia, njia kimya kabisa. Hakuna vumbi, hakuna mlio. Kila kitu kiliniambia pako salama, pita tu, ukate karibu na mlima ufupishe. Na sababu ilikuwapo, kwa kuwa mganga alikuwa amenihimiza, kule wagonjwa wa sindano walikuwa wamekwisha kupanga mstari.

Nikauliza moyoni, kwa nini pamekuwa kimya hivi? Nikaushuku ule ukimya. Nikashika breki mapema, njia ikiwa imenyooka, mpaka nikaona haya. Nikaenda kushoto, kando ya korongo. Nikaiacha breki, nikauinua uso, nikatafuta mwisho wa kona.

Mwisho wa kona kulikuwa na lori. Lilikuwa linapanda polepole, limeelemewa na chumvi na marobota ya nguo, nalo lilikuwa limekata kona lote upande wa mlima, pale pale moyo wangu ulipotaka siku zote kupita. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwangu kwenda kwake, ndiyo sababu sikuusikia mlio. Dereva alinitazama, nami nikamwona amefungua mdomo. Sikulitazama lori lake. Nilitazama nafasi iliyobaki, njia nyembamba ya udongo mgumu kati ya magurudumu yake na korongo, nikaifuata kwa macho mpaka ilipokwisha. Pikipiki ikanipeleka hapo.

Nilisimama mbele nikazima. Nilikaa chini nikaihesabu mikono yangu kama mtoto, huu na huu, yote imenyooka. Nilitaka sana kumsimulia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Bukoba, ndani ya stoo, kati ya ndugu wasiomtaka.

Sasa, mwanangu uliyenunua pikipiki, sikia nasaha yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa pikipiki methali hiyo si ya mafumbo, ni guu lenyewe. Breki ishike kabla ya kona. Kaa upande unaokuonyesha mbali, wala usivuke kuingia njia ya mwenzako. Ukishaanza kukata, laza chombo nawe ulale nacho, ongeza mafuta kwa upole. Tazama unakotaka kwenda na si unakoogopa, maana macho ndiyo usukani wa kwanza. Shaka usilitupe. Ni mali nzuri, wazee walituachia. Lakini litumie barabarani. Kokoto zishuku, maji yatokayo kilimani yashuku, majani makavu ya migomba yaliyotandazwa njiani yashuku, na njia iliyo kimya ishuku kuliko yote. Mtu anayekufundisha nawe umshuku ukipenda, ila umshuku kwa adabu. Muulize. Mwambie akae nyuma yako. Akikubali kukaa, basi mwamini lote, maana nusu ndiyo inayovunja.

Mungu akujalie kona zako zote ziwe na upande wa pili. Akupe macho yanayotangulia na moyo unaofuata nyuma. Uzeeke ukiwa na mikono yako yote miwili, uwabebee wajukuu.

Hapo ndipo baba mkubwa aliponyamaza, nami naweka kalamu. Mkono unauma. Mimi sijui kuzungumza na watu, lakini kusoma naweza, hata kama polepole. Kama wewe unayesoma umewahi kufundishwa pikipiki, au umeanguka, au una babu aliyekuwa na maneno kama haya, tafadhali niandikie. Nitamsomea baba mkubwa barua yako, na nitakujibu, ila univumilie nikichelewa.